Tone Lililokataa Kupasuka

Zamani ghala lile lilikuwa la mbolea, na hata baada ya kuoshwa lilikuwa bado linakwaruza koo. Bwana Filemoni alichora sakafu yake yote kwa chokaa, miraba iliyopangana kama nondo za dirisha, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Katika kila mraba aliweka bakuli la bati. Mbele ya ukuta wa nyuma akavuta mstari mmoja wa rangi nyekundu.

"Mstari huu ni tunda la kahawa likiwa mtini," alituambia. "Mabakuli ni hewa. Na ninyi mtakuwa tone la maji linaloanguka."

Rozalia, mwenyeji wa Iringa ambaye tulimhesabu kuwa mkubwa wetu, aliuliza kama mshahara wa tone ni sawa na wa mtu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, hapa Mbeya. Kazi yetu ya kila mwaka ilikuwa kuchambua buni kiwandani, kutenga nzima na mbovu. Msimu ukiisha tulirudi kukaa nyumbani, na ndiyo maana Bwana Filemoni alipokuja mtaani kwetu Soweto kutafuta wanawake wenye mikono myepesi na wanaojua kujumlisha, tulijaa mlangoni kwake. Mimi niliishia darasa la tano, baba alipofariki, lakini kujumlisha nilikujua. Kusema mbele za watu ndiko kulikonishinda. Hata jina langu, Tekla, Rozalia ndiye aliyelitaja siku ya kuandikishwa, maana mimi nilipoulizwa nilitazama miguu yangu.

Bwana Filemoni alisomea ng'ambo mambo ya maji na mimea. Huko, alisema, kuna mashine ya kuhesabu iitwayo kompyuta, inajaza chumba kizima. Unaipa kanuni za jinsi maji yanavyokwenda, nayo inakuonyesha tone likigonga kitu, hatua kwa hatua, mambo ambayo jicho haliwezi kuyawahi. Ile iliyokuwapo Dar es Salaam ilikuwa na kazi nyingi za serikali, akaambiwa asubiri zamu yake. Alisubiri mpaka mvua zikapita na nyingine zikaanza, kisha akaamua kuitandaza mashine hiyo sakafuni na kutuweka sisi ndani yake.

Alichokuwa anakitafuta kilihusu ugonjwa wa chulebuni, ule unaofanya matunda ya kahawa kuwa meusi yakiwa bado mabichi. Ugonjwa huo hupelekwa na maji. Tone la mvua hugonga tunda bovu, likapasuka, na vipande vyake vikaruka na ugonjwa mpaka kwenye tunda zima. Hilo lilijulikana. Lisilojulikana ni habari ya migomba. Kwetu Rungwe kahawa imesimama katikati ya migomba. Mvua ikinyesha, maji hujikusanya kwenye jani la mgomba, yakawa tone nene, kisha yakaanguka juu ya kahawa. Je, tone nene hupasuka vibaya kuliko la mvua, au hutandaa tu na kuchuruzika? Kama linapasuka, migomba itabidi iondoke mashambani.

Shamba la baba lilikuwa la namna hiyo. Alipofariki, kahawa ilikwenda kwa baba mdogo Andendekisye. Migomba ilibaki ya mama, kwa kuwa chakula ni cha mwanamke. Shamba likawa moja na wenyewe wawili. Mama alikula ndizi zake, akauza barabarani mikungu iliyozidi, na hakuwa na haja ya kusimama mlangoni kwa mtu akiomba. Siwezi kusema baba mdogo alikuwa mtu mbaya. Kahawa ile ndiyo iliyompatia mdogo wangu Lutengano nguo na nauli ya kwenda shule Iringa, alikokuwa kidato cha pili. Lakini ile migomba alikuwa ameitazama kwa muda mrefu. Alisema panga analo, anangoja neno la mtaalamu tu.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye kigoda changu mbele ya mabakuli, nilijua tone lile linaamua nini. Likipasuka, mama ataomba chakula kwa shemeji yake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Punje zilizokuwa bakulini ndizo maji. Pembeni ya bakuli kulikuwa na mshale wa chaki ulioonyesha maji yanaelekea wapi, na namba ya mwendo wake. Bwana Filemoni aligonga jembe bovu lililoning'inia kwenye boriti. Kila mlio ulikuwa kipande cha muda, kidogo kiasi kwamba, alisema, ukipepesa jicho vimepita maelfu. Tukisikia mlio, kila mmoja alitazama bakuli lake na mabakuli ya majirani zake, akasoma kadi ya kanuni, akajumlisha, akatia kwenye kikombe punje zinazotakiwa kuhama na kumpa jirani wa upande wa mshale. Jirani alizimwaga bakulini kwake na kurudisha kikombe. Kisha tulifuta mishale na kuchora mipya. Bakuli lililobakiwa na punje chache mno, kanuni ilisema litoe zote, libaki tupu. Tupu ni hewa. Mabakuli matupu yakikatiza katikati ya yenye punje, ujue tone limepasuka.

Mwanzoni punje zetu zilikuwa karanga. Tone likawa linapungua kila siku, na Bwana Filemoni akahangaika na kanuni zake akitafuta maji yanakokwenda, mpaka alipomwona Rozalia akitafuna.

"Jua kali, bwana," Rozalia alisema. "Tone limekauka."

Kesho yake tuliletewa buni mbovu zilizokataliwa kiwandani, ambazo hakuna mtu angezitamani. Tangu hapo hesabu ya jioni ilitimia. Hakuna punje iliyozidi wala iliyopungua, naye akaziamini.

Tulianza na tone dogo la mvua, kisha tukaingia kwenye tone nene la mgomba. Lilishuka kutoka mlangoni, bakuli kwa bakuli, likafika kwenye mstari mwekundu, likagonga. Likatandaa pande zote kama unga wa chapati chini ya mti wa kusukumia. Likawa jembamba, jembamba zaidi, likabaki punje moja moja katika kila bakuli, lakini halikukatika. Bwana Filemoni aliturudisha mwanzo. Likatandaa vilevile. Akaongeza urefu wa kuanguka, akatufanya tuchore mishale yenye namba kubwa. Likatandaa mpaka karibu na kuta za pembeni, na bado lilikuwa kitu kimoja.

Kando ya dirisha alikuwa na meza ya majaribio. Juu yake alisimamisha tawi lenye tunda la kahawa, akapanda ngazi na kudondosha maji yenye wino kwa bomba la sindano, karatasi nyeupe ikiwa imetandikwa kuzunguka tawi. Karatasi ilijaa vidoa. Mezani tone lilipasuka, na sakafuni halikupasuka.

Sikuelewa kwa nini asiiamini meza akamaliza kazi. Siku moja, kama aliyenisikia nikiwaza, alitueleza. Meza yake ilikuwa na tunda moja na ngazi moja, alisema, na shambani kuna upepo na kila aina ya urefu, mambo ambayo sakafu tu inaweza kuyahesabu.

"Siwezi kumwambia mtu kata migomba yako kwa sababu ya karatasi yenye madoa," alisema. "Na siwezi kumwambia iache kwa sababu ya mabakuli. Lazima viwili hivi viseme neno moja."

Lakini siku zilivyopita alianza kuelekea upande wa sakafu. Mkutano wa wataalamu Iringa ulikuwa unakaribia. Nilimsikia akimwambia mlinzi kwamba huenda bomba lake la sindano ndilo linalopasua tone kabla halijafika. Nilifurahi moyoni, na nilipokwenda nyumbani nilimwambia mama kwamba mambo yanakwenda vizuri. Alisema "ndaga", yaani asante, mara mbili, akanifungia ndizi za kurudi nazo.

Jumamosi moja Benedicta, aliyekaa kulia kwangu, hakuja. Mtoto wake alikuwa na surua. Bwana Filemoni alimpa mlinzi kazi ya kugonga jembe, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda cha Benedicta, magoti yakimfika kidevuni. Rozalia alimkaribisha majini.

Tulifika mahali ambapo tone limeshatandaa. Kadi yangu ilisema nitoe zote, nibaki tupu. Nilizitia kikombeni nikampa Bwana Filemoni. Alizimwaga bakulini kwake, akanirudishia kikombe. Nikakipokea na kukiinamisha juu ya bakuli langu kama nilivyozoea, na ndipo nilipoona kwamba kuna kitu kinaanguka. Punje moja.

Mkononi mwa Benedicta nisingeiona. Tangu utoto wangu nimepeleka sahani kwa majirani na kupokea sahani kutoka kwao, na sikumbuki sahani iliyorudi tupu. Hurudi na chumvi kidogo, au ndizi moja, au majani ya maboga. Ukimrudishia mtu chombo chake kitupu umemwambia asilete tena. Vidole vyetu vilikuwa vinafanya hivyo vyenyewe, bila kutuuliza. Lakini huu ulikuwa mkono wa mwanamume, wenye saa na wino kwenye kucha, nao ulikuwa umerudisha kikombe kama anavyorudisha mama yangu.

Nilitazama pembeni. Rozalia alimwaga punje za jirani yake, akadondosha moja kikombeni, akakirudisha, huku akisimulia habari nyingine kabisa. Kila mahali ilikuwa hivyo. Kila bakuli lililotakiwa kubaki tupu liliachiwa punje na jirani, na mlio uliofuata likaitoa hiyo na kuachiwa nyingine. Hewa haikupata pa kuingia. Na kwa kuwa jumla ya punje haikubadilika, hesabu ya jioni ilitimia.

Niliendelea kupokea na kurudisha mpaka jembe la mwisho lilipogongwa.

Jumapili nilikwenda Rungwe. Lutengano alikuwa nyumbani kwa likizo ya Pasaka, mrefu kuliko nilivyomwacha, suruali ya shule ikimwishia juu ya vifundo. Baada ya ibada baba mdogo alikuja na kiganja kimejaa matunda ya kahawa, meusi, yamesinyaa. Alituonyesha akayatupa uani. Mama aliendelea kumenya ndizi. Lutengano aliyaokota, akayageuzageuza, akasema kwamba kwa hali hii hakutakuwa na nauli ya shule, muhula ujao atakuja Mbeya tukae wote kwenye mabakuli, yeye amwage na mimi nipokee. Alisema kwa kunitania, akacheka. Mama hakucheka, na mimi nilikumbuka siku niliyorudisha vitabu vya darasa la tano kwa mwalimu, nikatembea kurudi nyumbani mikono mitupu, bila kujua niiweke wapi.

Niliporudi Mbeya jioni ile nilikuwa nimeshaamua, ila sikujua nitasema kwa mdomo upi.

Jumatatu Benedicta alikuwa bado hajaja. Bwana Filemoni alikaa tena kulia kwangu. Nilingoja mpaka tone lilipotandaa, nikampa kikombe, akakirudisha. Sikukiinamisha. Niliitoa ile punje nikaiweka kwenye kiganja, nikamnyooshea mkono.

"Hii si yangu," nilisema.

Aliitazama. "Imetoka wapi?"

"Kwako. Umeniwekea kikombeni." Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi niseme tena. "Na mimi nimemwekea dada Rozalia. Sote tunawekeana."

Alimwashiria mlinzi asigonge. Akatuomba kila mmoja atazame ndani ya kikombe alichokuwa anataka kukirudisha. Wanawake walitazama. Wengine walicheka, wengine walificha kikombe kwenye kanga kama walioshikwa na kitu cha wizi. Rozalia peke yake hakuona kosa.

"Sasa ulitaka nimrudishie mtoto wa watu kikombe kitupu," aliuliza, "kana kwamba tumegombana?"

Mabega ya Bwana Filemoni yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema nyumbani kwao, Mlandege, mama yake alimtuma siku moja arudishe ungo kwa jirani. Aliupeleka mtupu, na mama yake alipojua alimchapa kwa ufagio na kumrudisha na mayai. Katika kanuni zote alizotuandikia, alisema, alisahau kutuambia kwamba maji hayana adabu.

"Basi tugombane," aliamua.

Rozalia ndiye aliyetuongoza. Kila mtu achague kisa chake, alisema, huyu amesengenywa, huyu kaibiwa kuku. Tukaanza upya kutoka mlangoni. Vikombe vilirudishwa vitupu, na kila kimoja kilikuwa na neno lake. Huku mtu anaambiwa asikanyage tena kwangu, kule mtu anageuziwa kisogo. Kwangu ilikuwa vigumu. Mara ya kwanza nilipomrudishia Bwana Filemoni kikombe kitupu nilikivuta tena kwangu, naye akanikazia macho kwa hasira ya kuigiza, mpaka nikacheka mbele za watu.

Bakuli la kwanza tupu lilitokea karibu na mstari mwekundu. Likafuatwa na jingine kando yake. Kisha utupu ukapita katikati ya tone kama ufa kwenye ukuta wa udongo, ukagawanyika, na lile tone nene likavunjika vipande. Vipande vingine vilibaki kwenye mstari. Vingine viliruka, vikapita miraba yetu, vikafika kwenye mabakuli ya pembeni ambayo tangu tuanze kazi hayakuwahi kupata punje, hata yalikuwa na vumbi ndani. Kelele za ugomvi zilipungua zenyewe. Tulisimama tukiyatazama.

Bwana Filemoni alileta karatasi yake yenye vidoa, akailaza sakafuni. Meza na sakafu zilikuwa zimesema neno moja. Kisha akaniangalia, nadhani akaona uso wangu.

"Kwenu kuna kahawa na migomba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kahawa ya baba mdogo. Migomba ya mama."

Alirudi kwenye kigoda cha Benedicta akakaa, mikono imening'inia kati ya magoti, akiyatazama yale mabakuli ya pembeni kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua kwamba kuna mraba mmoja hakuuchora.

Alikwenda Iringa. Aliporudi alitusomea ushauri wenyewe. Migomba iliyo ndani ya kahawa iondolewe. Lakini aliongeza sharti ambalo halikutoka sakafuni: mgomba usikatwe kabla chipukizi lake halijapandwa na kushika mahali pengine. Ni mahali gani, na ni pa nani, hapo ushauri ulinyamaza.

Nilimwomba ruhusa nikaenda nyumbani kabla bwana shamba hajafika huko. Nilimweleza mama yote, punje na vikombe na ugomvi. Alisikiliza akimenya ndizi.

"Ulikuwa unaweza kunyamaza?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alimenya nyingine mpaka mwisho. "Lutengano angerudi nyumbani," alisema.

Jumapili iliyofuata alikata mkungu wake mzuri kuliko yote. Aliupanga chane kwa chane kwenye kikapu chake kikubwa cha mianzi, akafunika juu kwa maharage mabichi, akakibeba kichwani wakati watu wanatoka kanisani, mpaka kwa baba mdogo. Alimwambia mbele ya wote kwamba anamletea za mwisho. Baba mdogo alishukuru, mkewe akazitoa ndizi, na kikapu kikabaki kwao.

Mama hakukidai. Kila alipohitaji kikapu aliazima kwa jirani, na alipoulizwa chake kiko wapi, alisema kwa upole kwamba kiko kwa shemeji. Nilikuwa bado nipo, nikaona jinsi kilivyomsumbua baba mdogo. Kilining'inia barazani kwake, na kila aendaye kisimani alikiona. Kukirudisha kitupu hakuweza. Kukirudisha na mahindi ilikuwa sawa na kusema kwamba migomba ya mjane ina thamani ya kikapu cha mahindi. Bwana shamba alikuja, akasoma ushauri, akasoma na lile sharti, akaondoka. Panga lilikuwa tayari, machipukizi yalikuwa tayari, na kikapu kilikuwa bado barazani.

Baba mdogo alikileta mwenyewe, asubuhi, jembe begani.

"Mama Lutengano, kikapu chako."

Mama alitazama ndani. Kulikuwa na vigingi vya mti mbichi, vimechongwa ncha, vile vya kupimia mpaka wa shamba.

"Ndaga, shemeji," alisema.

Tuliteremka wote mpaka kando ya kijito, kwenye kipande ambacho baba mdogo alikuwa akimfungia ndama wake. Ni kidogo kuliko shamba la juu, na upande mmoja una mawe. Baba mdogo alipigilia vigingi vya kwanza, akapima kwa hatua, akapigilia vingine. Cha mwisho alikisimamisha kabla ya pale udongo unapokuwa mweusi, wenye rutuba. Mama alimwacha amalize. Kisha akainama, akaking'oa, akatembea nacho mpaka katikati ya ule udongo mweusi, akakisimamisha hapo na kukishikilia kwa mikono yake miwili.

Baba mdogo alimtazama, akanitazama na mimi. Halafu akageuza jembe, akaja, akakigonga kwa kisogo chake mpaka kikazama.